Masika yakiisha, kitabu nje

Mhariri,

Masika yameisha, matope yamekauka na upepo wa kusi umeanza kuvuma. Kwetu Unguja huu ndio wakati wa kutoka na kitabu. Wakati wa kaskazi, Desemba hadi Februari, huwezi: jasho linadondoka ukurasani na jua linakufukuza hujamaliza hata sura moja. Lakini Juni na Julai, baada ya Alasiri, Bustani ya Forodhani ina kivuli na ubaridi wa kipupwe, na kila ukiinua macho unakutana na bahari.

Mimi huanzia barazani kwangu. Taabu ya baraza ni wapita njia: kila mmoja lazima asalimie, aulizie watu wa nyumbani, kisha aulize unasoma nini. Riwaya moja ya kurasa 200 ilinichukua mwezi mzima, na nusu ya mtaa ikaijua hadithi kabla sijaimaliza. Sikujuta.

Forodhani nako napata saa moja na nusu tu. Jua likizama, wachoma mishikaki na wauza urojo wanawasha taa zao, moshi unafuka, na hakuna kitabu kinachoweza kushindana na harufu ile.

Ombi langu ni dogo. Waliopewa dhamana ya bustani zetu watuongezee viti vya kuegemea chini ya miti. Vile vikuta vya mawe tunavyokalia sasa, mgongo wangu hauna tena subira navyo.

Msomaji wako,
Mji Mkongwe, Unguja