Hicho si maziwa ya farasi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kidogo. Makala yenu ya Jumapili iliyopita ilisema Wamongolia hula nyama tupu asubuhi, mchana na jioni, kisha wakashushia maziwa ya farasi. Nimeisoma mara mbili, nikasema hapana, hili siliachi.

Mume wangu alikuwa fundi wa mitambo kwenye mgodi wa shaba huko jangwa la Gobi. Mimi na wanangu tulipanga Ulaanbaatar, mji mkuu wa Mongolia, ghorofa ya nne, misimu miwili ya baridi. Jirani yangu wa mlango wa pili alikuwa nesi, mumewe dereva wa basi, na nyumbani kulikuwa na watoto wawili pamoja na mama mkwe. Jikoni kwake nilikuwa kama mtu wa nyumbani. Na nakwambia, kitu kilichokuwa kikiisha haraka mle ndani si nyama. Ni unga wa ngano.

Akirudi kazini anakanda donge, analisukuma mpaka linakuwa duara kubwa kama sinia, analianika kidogo lishike, analikunja na kulikata kwa kisu. Hizo ni tambi. Nyama anaikata vipande vyembamba, anaikaanga na kitunguu, karoti na kabichi, anatia maji kidogo, kisha anazitandaza tambi juu na kufunika ziive kwa mvuke. Wanaita tsuivan. Siku ya kwanza nilifunua mfuniko nichungulie, yule bibi, mama mkwe, akanipiga kikofi cha mkono kama mtoto. Mvuke ukitoka, chakula kimeharibika.

Tsuivan ilipikwa mara mbili kwa wiki, wakati mwingine tatu. Siku nyingine tambi zilezile ziko ndani ya mchuzi, siku moja wali na nyama, na Jumamosi watoto wakiwa nyumbani wote tunakaa chini kufinyanga buuz, vidonge vya unga vyenye nyama ndani, vya kupika kwa mvuke. Au khuushuur, ambayo ni sambusa, ila bapa na kubwa kama kiganja. Haina pilipili wala bizari. Chumvi na kitunguu, basi! Nilipotia pilipili manga kidogo kwenye zangu, yule dereva alikohoa mpaka machozi.

Mimi ni Mwislamu, na kule wengi hawakati koo. Wanapasua kidogo penye tumbo, mkono unaingia kukata mshipa mkubwa, damu inabaki ndani. Kwa hiyo nyama yangu niliinunua kwa Wakazaki, ambao ni Waislamu wenzetu, asili yao mikoa ya magharibi. Jirani alinitengea sufuria yangu na hakuniuliza zaidi.

Nyama yao wenyewe ilifika Novemba. Shemeji yao mfugaji alileta kondoo watatu na paja la ng'ombe, vikawekwa roshani. Usiku wa Januari baridi inafika nyuzi 30 chini ya sifuri, friza ya nini? Akitaka nyama anatoka na shoka dogo, tunasikia ko, ko, ko, anarudi na bakuli. Akiba hiyo inaitwa idesh, na bibi aliihesabu kwa macho kila wiki ili ifike masika. Nchi ina mifugo inayozidi milioni 50 na watu milioni 3.5 hivi, lakini karibu nusu ya watu hao wako Ulaanbaatar kama huyu nesi, wanapima nyama kama sisi tunavyopima mafuta ya kupikia.

Asubuhi ni mkate, malai mazito ukibahatika, na chai. Chai yenyewe wanaibanjua kutoka kwenye tofali la majani yaliyoshindiliwa, wanaichemsha, wanatia maziwa na chumvi, wanachota kwa upawa na kumimina, wanachota na kumimina. Upawa wa kwanza bibi anautoa roshani na kuurusha juu, wa mbingu huo. Mimi mtu wa Tanga niliomba sukari, watoto wakacheka siku nzima. (Samaki usiniulize. Miaka miwili sikuona hata kibua.)

Sasa turudi kwenye picha yenu: familia imeshika mabakuli, na chini mmeandika wanakunywa maziwa ya farasi. Hayo yapo, yanaitwa airag, yanachachushwa, na jirani yangu aliletewa na ndugu zake wa shamba kwenye chupa za plastiki. Lakini aliletewa kiangazi, wakati farasi wanakamuliwa. Tazameni tena hiyo picha, Mhariri. Dirishani kuna theluji. Kilichomo bakulini ni chai ya chumvi.

Mama wa watoto wanne,
Chumbageni, Tanga