Mafundi, hiyo skrubu ya throto iacheni

Mhariri,

Naomba nafasi kidogo niongee na mafundi wetu na madereva wenzangu, maana hili jambo limenikaa rohoni na kila wiki naona gari nyingine hapa Mbale, Uganda, inafanyiwa vilevile. Ni ile skrubu ndogo pembeni ya throto, yaani mlango wa hewa inayoingia kwenye injini, ile inayokishikilia kisahani cha hewa kisijifunge kupita kiasi. Kiwandani wameiweka mahali pake, wakaibana na nati, nyingine wakaipaka na rangi juu ili ijulikane kama imeguswa. Huku kwetu gari ikikosa sailensi tu, yaani ule muungurumo wa injini bila kukanyaga mafuta, kitu cha kwanza ni bisibisi kwenye hiyo skrubu.

Mimi naendesha speshali, yaani teksi ya kukodi, Corolla ya zamani, injini ya 5A, ya injekta, gia otomatiki. Siku moja ikaanza vituko. Nikisimama, nikitoa mguu kwenye akseleta, injini inapanda mpaka mizunguko 1,800 kwa dakika, inaanguka mpaka 1,200, inapanda tena, vuuu, vuuu, vuuu, kama kuna mtu anakanyaga na kuachia na mimi mguu wangu uko kwenye breki. Injini kama ile ikishapata moto inatakiwa itulie kwenye 700 au 750 hivi kwa dakika, hata kama imesimama saa nzima.

Nikapeleka gereji. Wakabadilisha plagi, haikusaidia. Wakabadilisha filta ya mafuta, haikusaidia. Nikaambiwa, "Ssebo (bwana), gari imezeeka hii." Mwisho fundi akachukua bisibisi akaizungusha ile skrubu kama nusu hivi, na kweli ule mchezo wa kupanda na kushuka ukaisha palepale, injini ikakaa juu lakini imetulia kabisa. Nikalipa na nikashukuru, maana kwa masikio yangu gari ilikuwa imepona.

Juma lile nikapata safari ya Kapchorwa. Kupanda hakuna shida. Kurudi sasa, tumeshaipita Sipi, pale barabara inapoanza zile kona za kuteremka, natoa mguu kwenye mafuta na gari haipungui, inasukuma tu, naweka gia ya chini bado inasukuma, nikawa nashika breki kila kona mpaka harufu ya pedi ikaingia ndani. Nilikuwa nimebeba mama mmoja mtu mzima na wajukuu wake wawili nyuma, akaniuliza taratibu, "Mwanangu, mbona umeshika breki na gari bado inakimbia?" Sikuwa na jibu. Nikapaki pembeni, tukakaa karibu nusu saa magurudumu yapoe, na wale watoto wananiangalia tu. Hiyo siku siwezi kuisahau, na ndiyo sababu naandika.

Aliyenisaidia ni binti mmoja fundi kule Tororo. Alifungua boneti, akachungulia, akaniuliza, "Mzee wangu, nani alifungua hii?" Akanionyesha kwa kucha, rangi imebanduka kwenye nati na skrubu inang'aa pale bisibisi ilipopita. Alafu akafanya kitu ambacho sikutegemea, akairudisha skrubu mahali pake, na vuuu vuuu ikarudi kama zamani. Mimi nikashtuka, yeye akasema, "Sasa ugonjwa umerudi, sasa tunaweza kuutafuta."

Akanieleza, na naandika hapa kama nilivyoelewa. Kwenye throto kuna sensa inayoiambia kompyuta ya gari kwamba dereva ametoa mguu. Ukitoa mguu na injini bado inazunguka juu, kompyuta inajua unateremka mlima, inakata mafuta kwenye injekta, na hapo ndipo injini inakusaidia kuzuia gari. Mzunguko ukishuka inarudisha mafuta. Sasa kama kuna hewa inaingia kwa njia ya wizi, yaani kwenye tundu lisilotakiwa, injini inapanda yenyewe, kompyuta inaona mguu umetoka na mzunguko uko juu, inakata, injini inaanguka, inarudisha, injini inapanda, inakata tena. Ule mchezo ndiyo huo! Ukizungusha skrubu, kisahani kinabaki wazi kidogo, sensa inasema mguu uko kwenye mafuta, basi kompyuta haikati tena. Kelele imeisha lakini tundu la hewa bado lipo, sailensi iko juu, mafuta yanakwenda, na mlimani kompyuta haiwezi kukata hata kidogo. Kwa hiyo mimi na mama wa watu tulikuwa tunateremka na gari ambayo kwa akili yake ilikuwa bado inakanyagwa.

Kutafuta tundu hakukuchukua muda. Alifunga kitambaa kwenye plaisi ili isikate mipira, akawa anabana mpira mmoja baada ya mwingine injini ikiwa inaunguruma. Ule unaotoka kwenye kifuniko cha valvu, haukubadilisha kitu cha maana. Wa breki, hakuna. Alafu kuna mpira mwembamba unatoka kwenye pampu ya stelingi kwenda manifoldi, yaani bomba linalogawa hewa kwenye silinda, kazi ya mpira huo ni kuongeza hewa kidogo ukikata stelingi sana ili injini isizime, wengi hawajui hata kama upo. Alipoubana tu, injini ikashuka ikakaa 750, kimya. Akauchomoa, akaukunja kwa vidole, na ukafunguka ufa mdomo wazi kama samaki, upande wa chini ambao macho hayafiki. Kipande kipya cha mpira shilingi elfu kumi. Elfu kumi! Na plagi na filta zilikuwa zimeshakula mara kumi na zaidi ya hiyo.

Kuna kitu kingine alichoniambia ambacho nadhani mafundi wengi wanachanganya. Injini yangu inapima hewa kwa sensa ya presha ya manifoldi, kwa hiyo hewa ya wizi nayo inapimwa na kupewa mafuta, ndiyo maana mzunguko unapanda. Lakini gari zenye sensa ya hewa kule karibu na filta ni tofauti, hewa ikiingia nyuma ya sensa haihesabiwi, mafuta yanakuwa machache, gari inatetemeka na kuzima kwenye jamu. Tundu ni lilelile, dalili mbili tofauti. Fundi asiyejua gari inapimaje hewa atabadilisha spea mpaka mwenye gari auze mbuzi.

Na themostati jamani. Ni kile kifaa kinachozuia maji yasiende kwenye rejeta mpaka injini ipate moto. Gari ngapi hapa Uganda zimetolewa themostati eti injini isichemke? Yangu pia ilikuwa haina, binti aligundua alipoona geji ya joto inalala chini hata baada ya kutembea. Themostati ya hizi Toyota inafunguka kwenye nyuzijoto 82 hivi. Ukiitoa, maji yanazunguka muda wote, injini haipati moto wake hasa ukiwa sehemu za baridi kama Kapchorwa, na sensa ya joto inaiambia kompyuta kwamba bado ni asubuhi, basi inaendelea kumwaga mafuta mengi na kuishikilia sailensi juu. Injini ikichemka tafuta kwa nini inachemka, rejeta imeziba au feni haiwaki, usiitupe themostati.

Tena kwa hizi za zamani hata mashine ya kupima huhitaji. Kuna kiboksi kwenye boneti kimeandikwa DIAGNOSIS, unaunganisha matundu ya TE1 na E1 kwa kipande cha waya, unafungua swichi bila kupiga stata, taa ya injini inapepesa na wewe unahesabu. Mbili kisha mbili, yaani 22, ni sensa ya joto la maji. 31 ni ile ya presha. 41 ni ya throto. Ila mpira uliopasuka hauna namba yake, huo utaubana mwenyewe.

Ombi langu kwa wanaotafuta hewa ya wizi kwa kunyunyizia petroli kwenye manifoldi yenye moto, nawasihi acheni. Nimeona kwa macho yangu moto ukiruka kwenye mikono ya kijana wa kazi. Maji ya sabuni kwenye chupa ya kupulizia yanatosha, au hiyo plaisi na kitambaa. Na zile gari mpya kidogo zenye throto ya umeme msisukume kisahani kwa kidole swichi ikiwa imefunguliwa, na mkishaisafisha sailensi ikapanda msikimbilie kusema imeharibika, nyingi zinahitaji kujifunza upya, tuliza injini iungurume dakika kadhaa bila mzigo.

Mhariri, nakuomba kama inawezekana utenge hata kijisafu kimoja kwa wiki mafundi wazuri waandike mambo haya kwa Kiswahili, maana gari zetu zinatoka Japani, vitabu vyake ni vya Kijapani au Kiingereza, na vijana wengi wa gereji wanafundishwa kwa kuangalia tu mkono wa aliyewatangulia.

Na yule fundi wa kwanza simtaji na sina kinyongo naye, alifanya alichofundishwa. Akiisoma hii barua apite steji anitafute, ule mpira uliopasuka bado ninao kwenye dashibodi, nitampa aukunje mwenyewe aone.

Wako,
Dereva wa speshali,
Mbale