Kaka, mkono wa Huike ulikatwa na majambazi

Kaka, shikamoo.

Simu hupokei, ujumbe umesoma hukujibu. Nimeona nikuandikie hapa, mahali ambapo wote waliokuwepo msibani watasoma. Najua utasema nimekuvunjia heshima mara ya pili. Nisikilize kwanza.

Wasifu wa Mwalimu uliusoma vizuri, hakuna mwingine pale ambaye angeweza. Mpaka ulipofika kwenye asili ya elimu yetu: kwamba Damo, yaani mtawa wa Kibuddha Bodhidharma, alitoka India akafika China mwaka 527, akakaa miaka 9 pangoni pale kwenye hekalu la Shaolin akitazama ukuta, akawatungia watawa kung fu, na kwamba mwanafunzi wake Huike alijikata mkono kwa hiari ili akubaliwe. Kisha ukamnyooshea kidole yule mtoto wa mstari wa mbele, mkono wake wa kushoto ukiwa kwenye plasta, ukasema, "Huyu ndiye aliyeielewa njia." Watu wakapiga makofi. Chini ya turubai la msiba, Kaka, watu wakapiga makofi. Ndipo niliposimama kukupinga.

Hilo la mtoto ndilo linaloninyima usingizi. Mengine ni makosa ya kurithi, na hata Mwalimu aliyarudia.

Tuanze na huo mkono. Habari ya kwanza ya Huike tuliyonayo kwa kirefu iliandikwa na Daoxuan, mtawa aliyekusanya maisha ya watawa mashuhuri, kitabu alichokikamilisha kwa mara ya kwanza mwaka 645 na kuendelea kukiongezea hadi kufa kwake, 667. Daoxuan anasema Huike alivamiwa na majambazi, wakamkata mkono. Akaunguza jeraha kwa moto kuzuia damu, akalifunga kwa kitambaa, akaenda kuomba chakula kama siku zote, wala hakumwambia mtu. Hakuna Huike kusimama kwenye theluji mlangoni pa pango, hakuna mwalimu anayesubiri kafara. Toleo la kujikata mwenyewe linaibuka mwanzoni mwa karne ya 8. Theluji iliyofika magotini nayo unaikuta kwenye mkusanyo wa mwaka 1004, karibu miaka 500 baada ya Damo. Yaani jinsi maandishi yanavyozidi kuwa mbali na tukio, ndivyo yanavyozidi kujua mengi. Ukiona hivyo, shtuka.

Wewe ndiye uliyenifundisha kupanga hatua: mguu kwanza, kiuno, halafu mkono. Na historia ina mpangilio wake. Unauliza kwanza andiko limeandikwa lini, halafu nani kaliandika na alikuwa wapi, na mwisho kabisa ndipo unauliza linasema nini. Ukianza na la mwisho umeshaanguka.

Kwa Damo, maandishi ya mwanzo hayajai kiganja. La kwanza ni la Yang Xuanzhi, si mtawa bali mtumishi wa serikali, aliyepita kwenye magofu ya Luoyang, uliokuwa mji mkuu, mwaka 547 akaandika kumbukumbu za mahekalu yaliyokuwepo. Anamtaja Bodhidharma mara chache tu: mtawa kutoka nchi za magharibi, Mwajemi, aliyefika kwenye hekalu la Yongning, akauona mnara wake wa dhahabu ukimetameta juani, akashikwa na mshangao. Alisema ana miaka 150, ametembea nchi zote, na hajaona kitu kama kile. Akafumbata viganja akisifu kwa siku kadhaa.

Hapo ndipo utamu wa kazi hii ulipo. Hekalu la Yongning lilianza kujengwa mwaka 516 kwa amri ya Malkia Mama Hu, na mnara ukateketea kwa moto mwaka 534. Nguzo ya juu ya mnara ilikuwa imeangushwa na upepo mkali mwaka 526, na baada ya hapo hekalu likageuzwa kambi ya askari. Mtu aliyesimama pale akistaajabia mnara mzima unaong'aa alisimama kati ya 516 na 526. Sasa wewe unamshusha melini mwaka 527. Anafikaje baada ya kuwa ameshafika?

Andiko la pili ni utangulizi wa Tanlin, mtu wa karibu na Huike, kwenye risala fupi ya mafundisho ya Damo. Huyu anasema mwalimu alikuwa mtu wa India Kusini, mwana wa tatu wa mfalme mkubwa, na anawataja wanafunzi wawili tu, Daoyu na Huike. Kwa hiyo mashahidi wawili wa mwanzo hawakubaliani hata Damo alitoka wapi: mmoja Uajemi, mwingine India Kusini. Mimi namwegemea Tanlin kwa mafundisho, kwa sababu alikuwa karibu na Huike. Kwa asili siwezi kumpa ushindi rahisi, maana "mwana wa mfalme" ni pambo ambalo watu humvika kila mtakatifu. Sisi watu wa pwani hatuhitaji kufundishwa hilo. Tumekulia kwenye masimulizi ya wana wa sultani waliotoka Shirazi. Jina la mji wa Kanchipuram, ulilolisoma kwa uhakika mkubwa, halimo katika maandishi haya ya mwanzo.

Na ukuta? Risala ina neno la kutazama ukuta, lakini inalitumia kueleza hali ya akili iliyotulia, isiyoyumba. Pango na miaka 9 havimo. Mfalme Wu wa Liang, wa kusini mwa China, na yale majibizano yake maarufu na Damo hayamo pia. Hayo yanakuja na watu wa karne ya 8, wakati makundi ya Chan, madhehebu ya Kibuddha yanayomhesabu Damo kuwa mwanzilishi, yalipokuwa yakigombea nani mrithi halali. Kila kundi lilihitaji babu mwenye hadithi nzito kuliko babu wa jirani.

Kuhusu Shaolin nitakuwa mfupi. Hekalu lilijengwa kati ya 495 na 496 kwa ajili ya mtawa mwingine wa kigeni, Batuo, chini ya Mfalme Xiaowen. Watawa wake walipigana kweli: mwaka 621 walimsaidia Li Shimin, aliyekuja kuwa mfalme wa Tang, dhidi ya hasimu wake Wang Shichong. Lakini silaha iliyowapa sifa karne nyingi baadaye ilikuwa fimbo, na wao wenyewe hawakusema wameipata kwa Damo. Aliyempa Damo mazoezi ya mwili ni mwandishi wa kitabu cha kubadili mishipa, cha mwaka 1624, ambaye alibandika utangulizi wa uongo wa mwaka 628 kwa jina la jenerali Li Jing. Alijikamatisha mwenyewe: utangulizi huo unamtaja mtu ambaye ni mhusika wa hadithi ya kubuni. Ngumi zenyewe Damo alibandikwa mwanzoni mwa karne ya 20, na riwaya iliyotoka kwa sehemu kati ya 1904 na 1907 ilichangia sana. Mwanahistoria Tang Hao alilifichua hilo miaka mingi kabla mimi na wewe hatujavaa mkanda mweupe.

Utaniuliza kama nilishindwa kusubiri. Ningesubiri kosa la tarehe. Ningesubiri Kanchipuram, ningekuandikia faraghani kama nilivyofanya kwa yale mengine. Ila yule mtoto alikuwa anakutazama wewe, si karatasi, na kesho yake angerudi kufanya mazoezi na mfupa uliovunjika kwa sababu umemwambia kuna mtu alikubaliwa kwa kukosa mkono. Kama ilikuwa utovu wa adabu kusimama mbele ya wazee, sawa, nimekosa kwa wazee. Kwake sikukosa. Na sikupaza sauti, ingawa umewaambia watu nilipaza.

Kuna kipande cha Daoxuan ambacho hukukisoma, na natamani ungekuwa nacho siku ile. Tanlin naye alikatwa mkono na majambazi. Alilia usiku kucha. Huike akamfunga jeraha, akaenda kumwombea chakula, akamletea. Tanlin akakasirika kwa jinsi Huike alivyokuwa akimhudumia kwa shida. Huike akamwambia: mkate uko mbele yako, si uukunje mwenyewe? Tanlin akajibu: mimi sina mkono, hujui? Huike akasema: hata mimi sina mkono, sasa unakasirikia nini?

Walikuwa wameishi pamoja, na Tanlin hakuwa amejua.

Arobaini ni Jumamosi. Wasifu nimeuandika upya, karatasi iko kwa Mama. Aya ya asili ina mistari minne tu: Luoyang, India Kusini kwa mujibu wa Tanlin, risala, na wanafunzi wawili. Nimeuacha usomwe na wewe. Yule mtoto daktari amesema hatafunguliwa plasta kabla ya wiki 3, kwa hiyo akija mwambie akae kwenye mkeka, wewe umkatie chapati.