Mama kauliza kama Lengai utatulipukia, tunajibu kwa wote

Wiki haiishi hatujapigiwa simu ya hivi sisi tunaopeleka watu milimani. Majuzi mama mmoja wa Machame kanipigia, kikundi chao wamevunja vikoba wanataka kwenda kutembea kabla ya mwaka kuisha, nikamwambia mama twendeni Mlima Lengai, wenye nguvu watapanda na wengine watabaki Engare Sero, kijiji cha chini ya mlima, kwenye maporomoko wale nyama choma na kuogelea. Kimya kidogo kwenye simu. Halafu akasema, "Mwanangu, huo si ndo ule unaolipuka? Kwanini tusipande Kili yetu, mlima mkubwa umetulia?"

Nikamwambia mama umeuliza jambo la maana sana, na nikakaa naye kwenye simu karibu nusu saa. Nimeona niandike hapa ili na wengine msome, kwa sababu hili ndo swali linalofanya watu waghairi tripu au wadai dipoziti yao dakika za mwisho, na pia ndo sababu sisi wenyewe wakati mwingine tunaahirisha safari ya Lengai wakati gari lishajazwa mafuta.

Kwanza ukubwa wa mlima haukwambii hatari yake. Kilimanjaro una mita 5,895, ukipima kutoka usawa wa bahari hamna volkano ndefu kuuzidi nje ya Amerika ya Kusini, na kiukweli ni volkano tatu zilizobebana, Shira, Mawenzi na Kibo. Shira na Mawenzi zimekufa kabisa. Wazee wetu wa Kichagga wanasimulia kwamba Mawenzi alizimikiwa moto akawa anaenda kwa Kibo kuomba, akapigwa ndo maana kachongoka vile, na mimi kila nikiisimulia kwa wageni naona wazee walishajua nani bado ana moto na nani hana. Kibo haujafa, umelala. Pale juu ndani ya kreta ya Reusch, lile bakuli la kileleni, kuna shimo la majivu na bado gesi inatoka, ukifika unasikia harufu kama ya yai viza. Lakini haujatapika lava kwa zaidi ya miaka 100,000. Mteja anayeumwa kichwa pale juu asidhani ni volkano, ni hewa imekuwa nyepesi, na hiyo hewa ndo inayotuumizia watu Kili kila msimu, kwa hiyo ukiambiwa pole pole basi twende pole pole.

Sasa kwanini mlima unalipuka. Watu wengi wanadhani huko chini kumejaa uji wa moto unaochemka muda wote ukisubiri upenyo. Hapana. Huko chini sehemu kubwa ni mwamba mgumu, wa moto kweli kweli, ila haujayeyuka kwa sababu umebanwa na uzito wa kila kitu kilichokaa juu yake. Huku kwetu ardhi inavutwa pande mbili, milimita chache tu kwa mwaka, ndo hilo Bonde la Ufa, ule ukuta unaoupanda ukitoka Mto wa Mbu kwenda Karatu ndo kingo yake. Ardhi ikivutwa inakuwa nyembamba, mwamba wa chini unapanda, uzito unapungua, na mwamba unaanza kuyeyuka. Joto ni lile lile, kilichopungua ni mzigo. Ukishayeyuka unaitwa magma na ni mwepesi kuliko mawe yanayouzunguka kwa hiyo unapanda.

Kinachofanya ulipuke ni gesi. Ndani ya magma kuna mvuke wa maji, kuna kaboni dayoksaidi, kuna gesi za salfa, zimeyeyukia humo humo kama gesi ilivyo ndani ya mbege. Mnaotengeneza mbege mnajua, ukiiweka kwenye dumu ukakaza kizibo, kesho yake dumu limevimba na ukifungua bila akili inakurukia mpaka usoni. Magma nayo ikikaribia juu presha inapungua, gesi inatoka kwa mapovu, mapovu yanasukuma.

Halafu inategemea magma yenyewe ni nzito au nyepesi. Angalia jikoni. Uji mwepesi ukichemka mapovu yanapita yanapasuka taratibu, hauruki mbali. Ila ugali ule wakati unga umeanza kukaza, povu linakosa njia, linajaa jaa chini halafu puf, tone linakuruka mkononi na linaunguza vibaya. Milima iko hivyo hivyo. Mauna Loa wa Hawaii, ambao vitabu vingi vinautaja kama volkano kubwa kuliko zote zilizo hai, kwa juu una mita 4,169, mfupi kuliko Meru wetu, lakini ukiupima kutoka sakafu ya bahari unapata kama kilomita 9. Ulilipuka Novemba 2022 baada ya kukaa kimya miaka 38, lava ikatiririka kuelekea barabara kuu haikuifikia, watu wakawa wanaenda kuangalia usiku na magari yao. Uji mwepesi huo. (Huko hamna ufa kama wetu, ni joto linalopanda kutoka chini katikati ya bahari.) Kuna na mwingine umezama baharini mashariki ya Japani unaitwa Tamu, mwaka 2013 walisema ndo mkubwa kuliko zote duniani, upana wake kama theluthi ya Tanzania, ila baadaye wataalam wakaanza kubishana kama ni volkano moja kweli.

Sasa chukua Tambora wa Indonesia. Magma nzito imejaa gesi, ulilipuka 1815 ukaua makumi ya maelfu ya watu, majivu na gesi vikafunika anga mpaka mwaka uliofuata Ulaya na Marekani hawakupata kiangazi, mazao yakaharibika. Ule mlima ulipoteza kama theluthi ya urefu wake, leo una kama mita 2,850. Ni mfupi kuliko Lengai. Mama wa Machame nilipomwambia hapo alisema "Yesu wangu."

Tuje Lengai wenyewe, Mlima wa Mungu kwa Kimaasai. Una mita kama 2,960, nusu ya Kili, lakini uko hai na hakuna mwingine kama huo duniani. Lava yake sio ya mawe ya kawaida, ni ya jamii ya magadi, ndio, magadi haya haya unayotia kwenye makande. Lava ya Hawaii inafika nyuzijoto 1,100 na zaidi, ya Lengai iko kati ya 500 na 600 hivi, mchana ni nyeusi inateleza kama oili chafu ya gari, usiku inawaka wekundu hafifu sana, na ikishapoa ikapata unyevu inageuka nyeupe ndani ya muda mfupi. Mgeni akiona weupe juu ya kilele anadhani ni theluji. Nimewahi kuchukua kipande cheusi asubuhi nikakifunga kwenye mfuko, nafika Moshi ni unga mweupe.

Siku nyingi uji wake ni mwepesi, unatokota ndani ya kreta na hamna shida. Ila sio siku zote. Julai 2007 nilikuwa bado mpagazi, nimepanga chumba Arusha, ardhi ikatikisika siku kadhaa, sahani kwenye kabati la mama mwenye nyumba zikawa zinagongana usiku, mpaka Nairobi walisikia. Septemba Lengai ukalipuka kwa kishindo, majivu juu juu, ukaendelea hivyo mpaka 2008, na ile kreta iliyokuwa imejaa ikabaki shimo refu lenye kuta zilizosimama wima. Ndo maana sisi hatukuruhusu usogee ukingoni kupiga selfi hata ukinuna, ule ukingo unamomonyoka.

Na ndo maana tunaahirisha. Asubuhi kabla ya kuondoka tunapiga simu kwa waongozaji wetu wa Engare Sero, Wamaasai waliozaliwa chini ya huo mlima. Wakisema ardhi imetikisika mara kadhaa, au majivu yanatoka, au lava imevuka ukingo upande wa njia, hatuendi. Kuna vijana tuliwahi kuwageuza saa tisa usiku wamebakiza kama saa moja kufika, upepo uligeuka ukatuletea gesi, macho yanachoma, watu wanakohoa, muongozaji akasema tushuke. Wale vijana walikasirika sana, na mlima siku ile haukufanya kitu. Kesho wakituletea hali ile ile tutawageuza tena.

Tukiahirisha sisi, dipoziti yako haipotei. Unachagua tarehe nyingine, au tunakuhamishia Meru, nao ni volkano, mara ya mwisho ulitoa majivu kidogo 1910, au chemchemi ya Chemka kama mna watoto (jina lisiwatishe, maji yanabubujika tu hayachemki, ni vuguvugu), au ukitaka hela yako tunakurudishia.

Mama wa Machame wameshalipia. Wanane wanapanda, kumi na mmoja wanabaki kwenye maporomoko, na yeye mwenyewe kasema anapanda. Tunaanza kupanda saa sita usiku maana mchana lile jua halipandiki, kila mtu aje na tochi ya kichwani, glavu maana kuna sehemu unashika mawe kwa mikono, maji lita tatu, na viatu vyenye meno ambavyo hamuoni uchungu vikichafuka. Ule unga mweupe mkirudi msiulowanishe na maji kwanza, kung'uteni mkavu nje, halafu ndo muoshe.