Gorbachev hakuangushwa na uwazi

Ndugu Mhariri,

Nimesoma makala yenu kuhusu kusambaratika kwa Muungano wa Kisovieti, iliyomtwisha Mikhail Gorbachev, kiongozi wake wa mwisho, lawama zote kwa kuwafungua watu midomo. Sikubaliani nayo. Katika hotuba yake ya kujiuzulu, Desemba 25, 1991, yeye mwenyewe alisema mfumo wa zamani ulianguka kabla mpya haujaanza kufanya kazi.

Alichokosa ni ridhaa ya wananchi. Machi 1990 alipewa urais kwa kura za wajumbe wa Kongresi, yaani bunge. Hakuthubutu kwenda kwa umma. Juni 1991 Boris Yeltsin akachaguliwa na Warusi wenyewe kuwa rais wa Urusi, jamhuri kubwa kuliko zote ndani ya Muungano huo. Agosti, waliokula njama ya kumpindua Gorbachev walipomzuia huko Krimea alikokuwa mapumzikoni na kumkatia simu, aliyepanda juu ya kifaru Moscow kuwakabili alikuwa Yeltsin. Gorbachev alirudi na cheo, nguvu hana tena. Na maduka yalikuwa matupu: aliyepanga foleni ya mkate hana muda wa kusikiliza hotuba za mageuzi, hata ziwe nzuri namna gani.

Naomba gazeti lenu lichapishe tafsiri kamili ya hotuba ile ya kujiuzulu, kwani ni fupi na inaenea ukurasa mmoja. Pia waandishi wenu waache kulitumia jina la Gorbachev kuwatisha wanaodai katiba mpya hapa nchini.

Msomaji wenu,
Morogoro