Mtaala wa chuo uanzie kaunta

Ndugu Mhariri,

Nasimamia mapokezi katika hoteli moja huku Nungwi, na kila msimu napokea vijana waliotoka vyuoni na vyeti vizuri tu. Muulize aina za watalii, atakutajia zote. Mletee mgeni wa saa nane usiku ambaye chumba chake kimeshapewa mtu mwengine, anafoka kwa Kitaliano. Kijana anabaki kuitazama kompyuta.

Sisi mafunzo tunayaanzia mwisho: siku ya kwanza kaunta, mtu huyu aweze kufanya nini? Ndipo tunarudi nyuma kuchagua la kumfundisha. Anaigiza, mwenzake akiwa mgeni mkorofi, anasahihishwa papo hapo. Chuoni huanzwa na kitabu, sura ya kwanza mpaka muda uishe, na kosa la mwezi wa kwanza mwanafunzi hulijua siku ya matokeo.

Mmarekani Donald Kirkpatrick alieleza tangu 1959 ngazi nne za kupima mafunzo: mwanafunzi ameyapokeaje, amejifunza nini, kazini anafanyaje, na kazi imefaidika nini. Kwa ninavyoona, vyuo vyetu vingi huishia ya pili.

Sisemi chuo kigeuzwe hoteli, hasha. Sisi hatumfundishi mtu kuuliza kwa nini hoteli ina maji na kijiji jirani hakina, wala sijui kampuni yenye hamu ya swali hilo. Hilo libaki chuoni. Ninachoomba ni wahadhiri waje wakae nasi kaunta wiki moja kabla ya kuandika mtaala. Chai ipo.

Msimamizi wa mapokezi,
Nungwi, Unguja