Barua kwa Mama Nasra kuhusu uigizaji wa binti yake

Kwako Mama Nasra,

Habari za Tanga na za nyumbani? Huku Dar tu wazima, tunalalamikia joto tu.

Umeuliza Nasra aanzie chuo au aanze kutafuta kazi za uigizaji. Chuo kipo: TaSUBa, yaani Taasisi ya Sanaa na Utamaduni pale Bagamoyo, kilichoanza mwaka 1981 kama Chuo cha Sanaa, na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam nako wanafundisha sanaa za maonyesho. Aombe nafasi. Ila asikae bure akisubiri majibu, maana siku hizi mlango wa kwanza ni simu yake mwenyewe. Prodyuza anatuma kurasa mbili za skripti jioni, anataka video ya usaili kesho yake saa sita. Wengi huachwa hapo, wala si kwa kukosa kipaji. Hawasikiki tu.

Basi sauti kwanza. Arekodie chumba cha kulala, penye godoro, mapazia na nguo, kwa sababu sebule ya vigae ina mwangwi. Azime feni. Simu aiweke hali ya ndegeni, la sivyo shangazi yake atapiga katikati ya kilio. Mvua ikipiga bati, asubiri ikatike.

Simu ilale kwa upana, lenzi iwe usawa wa macho. Kama hana stendi, arundike vitabu mezani. Ikikaa chini itamchungulia puani. Asimame kama mita moja kutoka ukutani ili kivuli chake kisibandike nyuma yake, na dirisha liwe mbele. Likiwa mgongoni, uso unakuwa mweusi. Aonekane kuanzia kifuani hadi juu kidogo ya kichwa. Avae nguo ya rangi moja: mistari myembamba hucheza kwenye kamera, na nyeupe pepe huifanya kamera ipunguze mwanga hadi sura ififie.

Awe na mtu wa kumsomea maneno ya wahusika wengine. Wewe unafaa, ila usicheke. Simama ubavuni kabisa mwa simu, usome kwa sauti ya chini kuliko yake, kwa kuwa kipaza sauti kiko karibu nawe. Nasra akutazame wewe. Lenzi aitazame pale tu anapojitambulisha: jina, kimo, mji anaoishi.

Sasa kuigiza kwenyewe. Waliozoea ngonjera na maigizo ya shule wamejifunza kumfikia aliyekaa mstari wa nyuma. Kamera iko umbali wa mkono. Nyusi zikipanda kwa kila neno, anageuka katuni. Akariri maneno bila hisia yoyote, huku akiosha vyombo, mpaka yatoke yenyewe. Anayekariri maneno pamoja na hisia amekariri wimbo: sauti itapanda na kushuka palepale kila mara, na mwongozaji akimwambia apunguze hasira, hana pa kushika. Maneno yakishakaa, ajiulize mhusika wake anataka nini kwa huyu aliye mbele yake, kisha akusikilize kweli unapomjibu. Mimi naona hapa ndipo kazi yote ilipo, na ndipo vijana wengi wanapofeli: wanasubiri zamu yao ya kusema. Arekodi mara mbili zenye tofauti ya wazi, moja akibembeleza, nyingine akitisha kwa upole. Kurudia mara ishirini ni kujichosha.

Kwenye WhatsApp aitume kama faili, kwa sababu video ya kawaida hubanwa ikawa ukungu. Faili aiite jina lake na la mhusika.

Akipata kazi, anunue daftari. Tamthilia haishutiwi kwa mpangilio wa hadithi. Sini, yaani vipande vya hadithi, za sebuleni za vipindi kadhaa zinaweza kumalizwa siku moja. Aandike namba ya sini, nguo, nywele, na kilichomtokea mhusika kabla ya hapo. Kama aliinua kikombe kwa mkono wa kulia aliposema "baba", ainue vivyo hivyo kila kamera inapohamishwa. Asipofanya hivyo picha haziungani, na mhariri ataitupa hata ile mara aliyoigiza vizuri.

Mkataba uwe wa maandishi: malipo ni kwa siku au kwa kipindi, yanatoka lini, nauli na chakula ni juu ya nani, na akiitwa tena kurudia sini analipwaje. Asitoe hata shilingi ili afanyiwe usaili. Anayeuza fomu, biashara yake ni hizo fomu. Asiende peke yake, na akiitwa gesti asiende kabisa. Rushwa ya ngono ni kosa chini ya kifungu cha 25 cha Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007. Akitumiwa ujumbe wa namna hiyo asiufute, aupeleke TAKUKURU, taasisi ya kuzuia na kupambana na rushwa.

Nimeweka humu kurasa mbili, mazungumzo ya mama na binti. Mrekodi Jumamosi asubuhi kabla jirani hajafungulia redio, mnitumie.

Msalimie Baba Nasra.

Wako,
Mama Rehema